DINI YA MWALIMU NYERERE NA KURA YANGU YA KIRANJA MKUU

Mwaka huu sitaki kuandika kuhusu madhara ya dawa za kulevya wala faida za kupanda miti. Mambo hayo tumeyaandika mpaka yameota mvi. Leo nataka kuandika kuhusu dini ya mtu mmoja aliyekuwa Rais, na jinsi dini hiyo ilivyonitia aibu mimi mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Najua wengine mtasema, "Wee, huyu anatafuta maneno!" Ngojeni kwanza nimalize, halafu mnihukumu.

Sisi tunaokaa karibu na mpaka wa Sirare hushika stesheni za redio za Tanzania vizuri kuliko za Nairobi. Nyanya yangu ana jamaa wengi Tarime, na kila tarehe 14 Oktoba, siku ambayo Watanzania humkumbuka Mwalimu Julius Nyerere aliyefariki mwaka 1999, yeye huwasha redio asubuhi na haizimwi mpaka betri zilie. Mwaka jana siku hiyo nilikuwa nikimenya viazi huku nikisikiliza. Mzee Nyerere alikuwa akizungumza kwa ile sauti yake ya kucheka kidogo, akiwaonya Watanzania juu ya udini na ukabila. Nyanya akaniambia, "Huyu alikuwa Mkatoliki kama wewe. Lakini ungemsikiliza redioni mwaka mzima usingejua." Mimi nikacheka tu. Sikujua kwamba maneno hayo yangenirudia wiki mbili baadaye kama jiwe lililorushwa juu.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na uchaguzi wa viranja. Waliogombea ukiranja mkuu upande wa wasichana walikuwa wawili. Mmoja simjui sana. Wa pili ni rafiki yangu tangu darasa la nne, tunatembea pamoja kilomita tano kuja shule na tano kurudi. Ni Mwislamu, na katika shule yetu Waislamu hawafiki hata kumi. Kila mtu alijua kwamba yeye ndiye anayefaa. Ndiye aliyekuwa akipanga foleni ya chakula bila kumpiga mtu kiwiko, ndiye aliyemwambia mwalimu wa zamu ukweli siku ile madirisha yalipovunjwa. Lakini siku tatu kabla ya kura, maneno yakaanza kuzunguka chini chini. Ati, "Sasa huyo atatuongoza vipi kwa maombi ya paredi?" Wengine, "Ijumaa akienda msikitini nani atashika kengele?" Maneno kama hayo. Hayakuwa matusi, na ndiyo maana yalifanya kazi. Rafiki yangu alishindwa kwa kura chache sana.

Wasomaji, nitarudi kwenye kura hiyo. Kwanza nataka tumwangalie Mwalimu, maana hoja yangu inasimama juu yake.

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwezi wa Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na mwenye wake wengi. Jina Kambarage alipewa kwa heshima ya mzimu wa mvua, kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha. Kwa hiyo hakuzaliwa katika nyumba ya kanisa. Alianza shule akiwa na miaka kumi na miwili huko Mwisenge, Musoma, kisha akaenda Tabora. Huko shuleni alikutana na mafundisho ya Ukatoliki na akayafuata mwenyewe. Alibatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mmoja, akachukua jina la Julius. Jambo hili nataka mlishike. Wengi wetu dini tumeikuta nyumbani kama tulivyokuta sufuria. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, nililia tu. Yeye alichagua akijua anachochagua.

Na alipochagua hakufanya mchezo. Alisoma Makerere, akafundisha St. Mary's huko Tabora, shule ya mapadri. Akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952 na digrii yake, na mwaka 1953 akamwoa Mama Maria. Kisha akafundisha St. Francis, Pugu, shule nyingine ya Wakatoliki karibu na Dar es Salaam. Baadaye, hata alipokuwa Rais, alizoea kwenda misa asubuhi, siku za kazi kama wafanyavyo bibi zetu wa rozari. Watu wa Dar es Salaam walimzoea katika kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay. Alipozeeka alitafsiri Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, na vitabu hivyo vikachapwa mwaka 1996. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunamjua zaidi kwa kutafsiri Shakespeare, ile tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Lakini fikirieni, mzee wa zaidi ya miaka sabini anakaa Butiama akihesabu mizani za Injili! Hebu jaribu wewe kutunga beti ishirini tu uone kijasho.

Basi mtu mwenye imani namna hiyo, alipopewa nchi, alifanya nini na imani yake? Hapo ndipo penye somo.

Hoja yangu ya kwanza ni kwamba hakuitumia kama ngazi. Mwaka 1954, tarehe 7 Julai, TANU ilipoanzishwa, yeye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mgeni mjini. Dar es Salaam ulikuwa mji wa Waislamu. Waliomfungulia milango ni watu kama Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally, na Dossa Aziz. Bibi Titi Mohamed alizunguka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama akaingiza maelfu ya wanawake katika chama. Inasimuliwa kwamba Mwalimu alikuwa akitoka Pugu kwenda mjini kwenye mikutano kwa miguu. Sisi wanafunzi wa kutwa tunajua maana ya kutembea na njaa. Mwaka 1955 alipoambiwa achague kati ya kufundisha na siasa, aliacha kazi na mshahara. Sasa niambieni, kama angesimama mbele ya watu wale na kusema, "Nipeni uongozi kwa sababu mimi ni Mkristo mwema," angefika wapi? Na wao wangesema, "Hatumtaki huyu kwa sababu si wa dini yetu," Tanganyika ingefika wapi? Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulijengwa na watu waliokubali kuongozwa na mtu asiyeswali pamoja nao. Hao ndio walionitia aibu zaidi ya Nyerere mwenyewe. Walimpima kwa kazi.

Hoja yangu ya pili ni kwamba imani yake ilimgharimu yeye na watu wake, haikuwagharimu wengine peke yao. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilijengwa na misheni. Matokeo yake watoto wa Kikristo walisoma zaidi, na watoto wa Kiislamu wakabaki nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha katika shule za misheni. Angeweza kusema, "Mambo yabaki hivyo, sisi tumefika." Lakini kwa sheria ya mwaka 1969 serikali yake ilizichukua shule hizo zikawa za umma, na Pugu aliyokuwa akifundisha ikiwemo, ili mtoto yeyote aingie bila kuulizwa anasali wapi. Fikirieni uzito wake. Asubuhi anapiga magoti kanisani, mchana anatia sahihi ya kuchukua shule za kanisa hilo hilo! Nadhani kuna mapadri waliomwangalia kwa jicho la pembeni kwenye misa ya kesho yake.

Na wala hakuogopa kulisema Kanisa lake uso kwa uso. Mwaka 1970 alialikwa New York kuzungumza na masista wa Maryknoll. Aliwaambia kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na yeye hawezi kumwaza Mungu aliye maskini, mjinga, mwenye hofu na aliyekandamizwa, ilhali hivyo ndivyo walivyo watu wengi walioumbwa kwa mfano huo. Kwa hiyo Kanisa lisiposhiriki kupinga mambo yanayowafanya watu kuwa maskini, aliona halitakuwa na maana kwa watu hao. Hakwenda kuwasifu wenyeji wake apigiwe makofi. Alikwenda kuwapa kazi.

Sasa najua kuna msomaji anayetikisa kichwa. Anasema, "Dada, umemsifu kupita kiasi, mbona husemi upande wa pili?" Asante. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mwandishi akificha ukweli huzomewa. Tuseme upande wa pili.

Wapo Waislamu wa Tanzania wanaolalamika mpaka leo, na malalamiko yao si ya kutupwa. Mwaka 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa baraza la wazee wa TANU, aliuliza kama uhuru ukija na waliosoma wengi ni Wakristo, Waislamu watakuwa wapi. Chama kikamfukuza. Mwaka 1968 serikali ilipiga marufuku jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyokuwa ikijenga shule, na mwaka huo huo BAKWATA ikaundwa. Mtu anaweza kuuliza, mbona Kanisa Katoliki liliachiwa seminari zake? Ni swali zuri. Naye Bibi Titi, yule yule aliyewaingiza akina mama chamani, alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akaachiliwa mwaka 1972. Kesi yake haikuwa ya dini, lakini inauma.

Tena kulikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Na kati ya mwaka 1973 na 1976 watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa ili wasirudi. Jamaa zetu wa ng'ambo wanayakumbuka hayo. Nyanya anayewasha redio ndiye huyo huyo anayesimulia jinsi binamu yake alivyoacha mahindi shambani hayajakauka.

Kwa hiyo tangu mwaka 2005, Jimbo la Musoma lilipoanza mambo ya kumfanya atangazwe mwenye heri, na Kanisa likamwita Mtumishi wa Mungu, watu wanabishana. Wengine wanakwenda hija Namugongo, Uganda, kumwombea. Wengine wanasema, "Mtakatifu gani anafunga watu bila kesi?" Mimi si Papa, wala sijui mambo ya watakatifu yanavyoamuliwa. Mwalimu wetu wa dini husema ni safari ndefu sana yenye hatua nyingi. Kwa hivyo hapo sisemi kitu.

Lakini nitasema hivi. Imani ya mtu haimfanyi asikosee. Kama ingekuwa hivyo, basi sisi tunaosali kila asubuhi kwenye paredi tusingekuwa tunaibiana kalamu saa nne. Makosa ya Nyerere ni makosa, na kusali kwake hakuyafuti. Aliyechomewa nyumba alichomewa nyumba. Kwa kweli nadhani mtu mwenye imani anapaswa kuhukumiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu anajua zaidi. Hata hivyo tofauti ninayoiona ni hii: alipokosea, alikosea kwa mambo ya siasa na uchumi aliyodhani yatasaidia maskini. Hakusimama jukwaani akasema Mungu ndiye aliyemtuma kuhamisha watu. Hakujificha nyuma ya msalaba. Ndiyo maana leo tunaweza kumkosoa bila kuonekana tunamkosoa Mungu. Kiongozi anayeweka jina la Mungu mbele ya kila anachofanya hutuziba midomo.

Na pia mwaka 1985 aliondoka mwenyewe. Akaja Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu kutoka Zanzibar. Mwalimu akarudi Butiama kulima. Marais wangapi wa wakati ule waliondoka bila kusukumwa? Halafu mwaka 1995, alipoona nchi inaanza kupata nyufa kama nyumba iliyotikiswa na tetemeko, alisimama akazitaja nyufa hizo, na udini ukiwa mmoja wao. Alifananisha ubaguzi na kula nyama ya mtu: ukishaonja huachi, utaendelea kuila. Ukianza kumbagua mtu kwa dini, kesho utambagua kwa kabila, keshokutwa kwa ukoo, mpaka ubaki peke yako.

Tukirudi kwetu Kenya, hali ikoje? Mwalimu wetu wa historia hutuambia kwamba wakati wa Rais Moi, aliyetawala tangu 1978 hadi 2002, habari za Jumapili jioni zilianza na kanisa aliloabudu siku hiyo. Leo nako wanasiasa wanapenda sana mimbari. Wanafika kwa magari makubwa, wanapewa kipaza sauti, wanatoa bahasha, wanatukana wapinzani wao, halafu tunaimba pambio. Mwezi Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kukataa na kurudisha mchango uliotolewa na Rais katika kanisa mojawapo. Nyumbani kwetu jambo hilo lilizua mjadala mkali. Mjomba alisema, "Pesa ni pesa, paa linavuja." Nyanya akasema, "Paa linaweza kuvuja tukaweka karai. Lakini padri akishanunuliwa tutaweka nini?" Mimi niko upande wa nyanya.

Sisemi kiongozi asiende kanisani wala msikitini. La hasha! Aende, tena aende sana. Nyerere alikwenda siku nyingi kuliko wengi wa hawa. Ninachosema ni kwamba aende kusali, si kusaliwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya taifa, na kifungu cha 27 kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya dini yake. Haya tunayasoma darasani, tunayaandika kwenye mtihani, tunapata alama. Halafu tunatoka nje na kufanya yale yale yaliyokatazwa.

Na sasa ndugu wasomaji, narudi kwenye kura kama nilivyoahidi.

Siku ile maneno yalipokuwa yakizunguka, msichana mmoja wa darasa letu aliniuliza, "Wewe ni rafiki yake, tena ni wa kwaya. Utampigia kura Mwislamu atuongoze maombi?" Wote wakaniangalia. Ningeweza kujibu maneno machache tu. Ningesema, "Kiranja mkuu hahitaji kuongoza maombi, yuko kiongozi wa Chama cha Kikristo, na Waislamu nao wana wao." Jibu hilo nililijua. Lakini nilisema, "Kura ni siri." Nikajifanya ninatafuta kitabu kwenye mkoba. Nao wakaelewa kwamba hata rafiki yake hana la kumtetea. Kura yangu mimi mwenyewe nilimpa yeye, naapa. Lakini nadhani ule unyamavu wangu ulikuwa kura nyingi kuliko ile moja niliyotia sandukuni.

Jioni hiyo tulitembea pamoja kama kawaida. Hakulia. Alisema tu, "Si kitu, nitapata muda wa kusoma." Kisha tukanyamaza mpaka pale njia panda tunapoachana. Kilomita tano zilikuwa ndefu kama kumi. Nilipofika nyumbani nikayakumbuka yale maneno ya nyanya ya tarehe 14 Oktoba: ungemsikiliza mwaka mzima usingejua ni Mkatoliki. Mimi mtu angenisikiliza dakika moja tu angejua, maana nilivaa rozari shingoni, na ile rozari ndiyo iliyonifanya niogope kuonekana nasimama na Mwislamu. Sasa imani ya nani ilikuwa na nguvu? Yangu ya kuvaa au yake ya kutenda?

Tangu siku hiyo nimejitengenezea kipimo changu, na ningependa kuwaachia nyinyi pia. Ukitaka kujua kama imani ya mtu ni ya kweli, iwe ni Rais, mbunge, kiranja au wewe mwenyewe, uliza: nani analipa gharama yake? Kama dini yako inakufanya utembee kwa miguu, uache mshahara, utoe shule uliyoipenda ili mtoto wa jirani asome, ukubali kukosolewa, hiyo ni imani. Kama dini yako kila mara inalipwa na mtu mwingine, yeye akose cheo, yeye akose shule, yeye atembee kimya jioni, basi hiyo si imani, ni uzio. Kwa kipimo hiki Nyerere mahali pengine alifaulu sana na mahali pengine alianguka. Mimi nilianguka.

Kuna wenzangu walioisoma makala hii kabla ya kuchapwa wakaniambia, "Mbona unajianika? Ungeandika tu kuhusu Nyerere, ingetosha." Nimewajibu kwamba ni rahisi kumsifu mtu aliyekwisha kufa. Hadai chochote. Kumsifu Nyerere hapa na kuficha niliyofanya darasani kungekuwa ni kumfanya yeye rozari nyingine ya kuvaa shingoni. Na mkubwa hapimwi kwa masanamu yake, hupimwa kwa tulichojifunza kwake.

Kwa hiyo ninatoa mapendekezo mawili kwa shule yetu tukufu. La kwanza, sheria za uchaguzi wa viranja ziseme waziwazi kwamba hakuna kuulizana dini wala kabila wakati wa kampeni, na anayefanya hivyo aondolewe. La pili, maombi ya paredi yaongozwe kwa zamu na vyama vyote vya dini, na asiyetaka asilazimishwe, ili pasiwe tena na mtu atakayeogopa kwamba kiranja wa dini nyingine atavuruga maombi. Mambo haya hayana gharama hata ya chaki moja. Walimu wetu wapendwa, najua mnasoma jarida hili, tafadhali yafikirieni.

Na kwako rafiki yangu. Jina lako sijalitaja, lakini kwa kuwa wewe ndiye husoma jarida hili kwanza kuliko mimi, utajua ni wewe. Nilitaka kukuambia haya njiani lakini kila tukifika njia panda ulimi unakuwa mzito. Nisamehe. Uchaguzi mwingine ukija, nikiulizwa swali lile mbele ya watu, nitajibu mbele ya watu. Na kama sitajibu, basi una ruhusa ya kunisomea makala hii kwa sauti kubwa kwenye paredi, nami nitasimama nisikilize.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kalamu yangu inakwama, na viazi vya nyanya vinaningoja. Ninatia nanga hapa. Kwaherini mpaka mwaka ujao, Mungu akipenda.

Mwanachama, Kidato cha Tatu